Hesabu ya Mapigo: Ngoma ya Paris ya Mwaka 1913 na Mganda wa Ziwa Nyasa

Mtu akaaye Ruhuwiko, au mahali po pote katika nchi ya Songea, hana haja ya kufundishwa ngoma ni kitu gani. Lizombe ameiona tangu utoto wake, na mganda, ikiwa hakuucheza mwenyewe, amepata kuusikia kwa watu wa upande wa Ziwa. Tena lugha yetu yenyewe yamsaidia. Katika Kiswahili neno ngoma ni chombo kile kilichowambwa ngozi. Ni muziki utokao katika chombo hicho. Na pia ni ule mchezo wa miguu na mabega, pamoja na watu waliokusanyika kuutazama. Kwetu mambo hayo matatu ni jambo moja. Kwa Wazungu ni mambo mbalimbali, na kila moja lina jina lake na fundi wake.

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za ngoma moja ya Ulaya, ambayo siku ilipochezwa mara ya kwanza watazamaji waligombana wao kwa wao ndani ya jumba la mchezo. Mji ulikuwa Paris, katika Ufaransa, na mwaka ulikuwa 1913, yaani miaka sita baada ya kwisha Vita vya Maji Maji. Huenda msomaji akauliza, "Yatuhusu nini sisi ngoma ya Paris?" Swali hilo ni la haki. Ngoma hiyo iliitwa kelele, tena ikaitwa ushenzi, na maneno hayo mawili ndiyo ambayo ngoma za nchi yetu zimeitwa mara nyingi, na wageni, na hata na wenyeji wenyewe. Basi yafaa tuichunguze polepole, tuone kelele ilikuwa wapi: katika muziki, au katika masikio ya waliousikia.

Mtungaji wa muziki huo alikuwa Mrusi, jina lake Igor Stravinsky. Alizaliwa mwaka 1882 huko Oranienbaum, karibu na St. Petersburg, na baba yake alikuwa mwimbaji mashuhuri. Kijana huyo alipelekwa chuoni kusoma sheria, lakini moyo wake ulikuwa katika muziki, akawa mwanafunzi wa Nikolai Rimsky-Korsakov, mtungaji mkubwa wa Urusi. Baadaye alipewa kazi na Sergei Diaghilev, aliyekuwa mwenye kampuni ya wachezaji wa Kirusi waliokuwa wakizunguka katika miji ya Ulaya. Mchezo wao ulikuwa baleti, yaani mchezo ambao hadithi nzima huelezwa kwa kucheza pasipo mchezaji kusema neno, huku kundi kubwa la wapigaji wa ala limeketi chini mbele ya jukwaa. Stravinsky alikwisha kuwatungia baleti mbili, moja ikachezwa mwaka 1910 na ya pili mwaka 1911, na zote mbili zilipendwa. Ya tatu ndiyo iliyoleta ghasia. Kwa Kifaransa yaitwa Le Sacre du printemps, nasi twaweza kuiita Ibada ya Majira ya Kuchipua.

Majira hayo hatunayo huku. Mwaka wetu wagawanyika kwa mvua na kiangazi. Huko Urusi ardhi hufunikwa na theluji kwa miezi mingi, mito huganda, na miti husimama mitupu kama iliyokufa. Kisha baridi huvunjika kwa ghafula. Barafu hupasuka kwa kishindo, maji hutiririka kila upande, na majani mabichi hutokea. Stravinsky alieleza katika uzee wake kwamba majira hayo yalikuwa yakija kwa nguvu nyingi, hata mtu akadhani nchi nzima yapasuka kwa saa moja. Mtu wa Songea aweza kukisia hali hiyo akikumbuka mvua za kwanza ziangukapo mwisho wa mwaka juu ya ardhi iliyokauka na kuungua, radi ikilia, na watu wote wakitoka nje wakifurahi, lakini pia wakiogopa.

Hadithi ya baleti hiyo Stravinsky aliibuni pamoja na mchoraji Nicholas Roerich, mtu aliyekuwa na ujuzi wa mambo ya kale ya Warusi. Sehemu ya kwanza yaonyesha watu wa kabila la zamani wakiiheshimu ardhi. Vijana wacheza, makundi mawili yashindana, na mzee mwenye hekima aja kuibusu ardhi. Katika sehemu ya pili ni usiku. Wasichana wazunguka duara, mmoja wao achaguliwa, naye acheza mbele ya wazee mpaka aanguka na kufa, awe kafara ya majira mapya. Hadithi hiyo ni ya kubuni, wala si habari ya jambo lililotukia.

Siku ya kwanza ilikuwa tarehe 29 Mei, 1913, katika Théâtre des Champs-Élysées, jumba jipya lililokuwa limefunguliwa mwaka ule ule. Kiongozi wa wapigaji alikuwa Pierre Monteux, Mfaransa. Aliyewafundisha wachezaji alikuwa Vaslav Nijinsky, kijana aliyesifiwa Ulaya nzima kwa namna alivyojua kuruka. Watazamaji walizoea kuwaona wachezaji wa baleti wakinyosha miguu na kuelea jukwaani kana kwamba hawana uzito. Siku hiyo waliona mambo mengine kabisa. Wachezaji waligeuza vidole vya miguu ndani, wakapinda magoti, wakainama, wakakanyaga sakafu kwa vishindo. Kwa mtu aliyezaliwa Ungoni hilo si kituko. Wangoni asili yao ni kusini mwa Afrika, ambako ngoma nyingi za vita huchezwa kwa kukanyaga ardhi na kugonga ngao pasipo hata kigoma kimoja. Lakini kwa wakubwa wa Paris ilikuwa kama kutukanwa.

Wengine walianza kucheka tangu mwanzo wa muziki. Wengine wakawakemea waliocheka. Baada ya muda kidogo makelele yalizidi, hata wachezaji hawakuweza kuwasikia wapigaji walio mbele yao. Nijinsky alisimama juu ya kiti kando ya jukwaa akiwapigia wachezaji wake kelele za hesabu kwa Kirusi, ili wasipoteze hatua. Bwana Monteux hakugeuka wala hakusimama. Aliwaongoza wapigaji wake mpaka mwisho. Liangalieni sana jambo hilo la Nijinsky. Watu mia kadhaa walikuwa wakisema kwamba muziki ule hauna mpango, na papo hapo mtu mmoja juu ya kiti alikuwa akiuhesabu.

Sasa tuutazame muziki wenyewe.

Jambo la kwanza ni sauti za ala. Muziki waanza kwa basuni peke yake. Basuni ni mfano wa zumari refu la mti, na kazi yake ya desturi ni kutoa sauti nzito za chini. Stravinsky aliipandisha juu sana, mpaka sauti yake ikawa kama ya mtu aimbaye hali amebana koo. Wimbo inaoupiga si wa kutungwa na yeye. Ni wimbo wa watu wa Lithuania, ambao aliupata katika kitabu cha nyimbo za vijijini. Baada ya basuni huingia zumari nyingine moja moja, kila moja na maneno yake, kama ndege waamkao alfajiri msituni. Kundi zima ni la wapigaji karibu mia moja. Wamo wapiga panda wanane, wapiga ngoma za shaba na ngoma kubwa, na pia ala ya kukwaruzwa kwa kijiti, ambayo asili yake ni kibuyu kilichochanjwa mistari.

Jambo la pili ni mapatano ya sauti. Mtu aliyeimba katika kwaya ajua kwamba sauti nne zikikaa mahali pake hupatana na kuwa kama sauti moja. Stravinsky alitwaa mapatano mawili ya namna hiyo, kila moja ni zuri likiwa peke yake, akayaweka moja juu ya jingine. Lakini mwanzo wa moja umekaa nusu hatua tu juu ya mwanzo wa jingine. Ni kama kwaya mbili ziimbazo pamoja, nayo moja imeanzishwa juu kidogo kuliko mwenziwe. Sauti hiyo ya kugombana huipiga kwa fidla zote, tena na tena, bila kuibadili. Kwa hiyo masikio huacha kuisikia kama wimbo, nayo huwa kishindo. Fidla, ambazo Ulaya zilikuwa zikiimba siku zote, Stravinsky alizigeuza zikawa ngoma.

Jambo la tatu ndilo kubwa, nalo msomaji aweza kulijaribu kwa mkono wake. Kaa mbele ya meza, upige kwa vidole mapigo 32 yaliyo sawasawa, yasiyokwenda mbio wala kukawia. Sasa upige tena, lakini katika pigo la 10, la 12, la 18, la 21, la 25 na la 30 utie nguvu zako zote. Mapigo mengine yawe ya kawaida. Hayo ndiyo mapigo ya mwanzo wa ngoma ya vijana katika sehemu ya kwanza, na panda nane huingia pamoja na fidla katika kila pigo la nguvu. Tazama nafasi zilizo katikati. Kwanza yapita mapigo 9 ya kawaida. Kisha toka pigo la nguvu mpaka jingine ni hatua 2, halafu 6, halafu 3, halafu 4, halafu 5. Sikio hutega mahali ambapo pigo la nguvu litaanguka, nalo halianguki hapo. Likikata tamaa, laanguka. Lakini chini ya hayo yote mapigo 32 hayakuyumba hata kidogo.

Jambo la nne ni kubadilika kwa kipimo. Katika muziki wa Ulaya wa zamani, wimbo ukianza kwa kuhesabu mbili-mbili au tatu-tatu, kwa kawaida huendelea hivyo kwa muda mrefu. Katika ngoma ya mwisho ya baleti hii, ile ya msichana aliyechaguliwa, kipimo hubadilika karibu kila hatua: tatu, mbili, tatu, tena tatu, kisha mbili. Mpigaji asiyehesabu hupotea mara moja. Stravinsky mwenyewe alisema baadaye kwamba hapo kwanza aliweza kuipiga ngoma hiyo kwa kinanda, lakini hakujua jinsi ya kuiandika. Pia katika sehemu ya pili pana mahali ambapo wapigaji wote husimama, kisha hupiga vishindo 11 vilivyo sawa, kama nyundo juu ya chuma, ndipo ngoma nyingine ianze kwa ghafula.

Hapo ndipo tuonapo ajabu. Wengi wa watu wa Paris waliusikia muziki huo wakasema ni wa kishenzi, wa watu wasiojua taratibu. Lakini wapigaji waliokuwa hodari kuliko wote katika mji ule walilazimika kuufanyia mazoezi zaidi ya mara kumi kabla ya siku ya kwanza, kwa kuwa taratibu zake zilikuwa nyingi kuliko zile walizozizoea. Kwa hiyo hawakukosea waliposema kwamba ni mgeni masikioni mwao. Walikosea walipodhani kwamba jambo lisilohesabika kwao halina hesabu. Wazee wetu walisema, usilolijua ni kama usiku wa kiza.

Je, mpiga ngoma wa Songea angeuona muziki huo kuwa ni jambo la kawaida? Wengine hupenda kusema kwamba Stravinsky aliiga mapigo ya Afrika. Sivyo. Muziki wake ulitoka katika nyimbo za Kirusi na za majirani zao, na katika akili yake mwenyewe. Tena namna yake na namna yetu ni namna mbili, na yafaa kuzitofautisha.

Jaribu tena mezani. Hesabu moja mpaka sita, na kurudi moja, bila kusimama. Mkono wa kulia upige katika moja, tatu na tano. Mkono wa kushoto upige katika moja na nne. Mkono mmoja umepiga mara tatu na mwenziwe mara mbili katika muda ule ule, nao hukutana kwenye moja tu. Hiyo ndiyo mbegu ya ngoma nyingi za Afrika. Kila mpigaji ana njia yake ambayo huishika pasipo kuyumba, na utamu watoka pale njia hizo zinapopishana. Mpigaji mmoja akiondoka, wengine waweza kuendelea, lakini ngoma imepungukiwa. Stravinsky, katika mahali pengi, hufanya kinyume: watu wote mia hujikwaa pamoja, kwa kusudi, kwa hesabu moja iliyoandikwa. Ni mahali pachache tu katika muziki wake, kama pale mzee mwenye hekima anapoingia na msafara wake, ambapo makundi ya ala hushika kila moja njia yake na urefu wake, na hapo mpiga ngoma wetu angetabasamu kama mtu aliyekutana ugenini na mtu wa kwao.

Katika miaka ile ile ambayo Paris ilikuwa ikigombana, pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na ngoma yake mpya. Iliitwa beni, neno lililotoka katika Kiingereza, na maana yake ni kundi la wapigaji wa ala. Ngoma hiyo ilianza katika miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa. Vijana waliwasikia wapiga tarumbeta wa majeshi, wa misheni na wa masultani, wakatwaa tarumbeta na ngoma kubwa ya ubavuni, pamoja na safu za kiaskari na vyeo vya kijeshi, wakavifanyia mashindano. Katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika, vyama viwili vya beni vilijulikana kuliko vyote, Marini na Arinoti, navyo vilishindana kwa nguo, kwa nyimbo na kwa karamu. Serikali ya kikoloni iliwatilia shaka watu hao waliojipa vyeo vya jemadari na mfalme. Wakubwa wa dini nao hawakuwapenda. Wengine wakasema ni kuiga tu, tena kuiga vibaya.

Vita Kuu ya mwaka 1914 mpaka 1918 ndiyo iliyoipeleka beni bara. Askari na wapagazi wa makabila mengi walikaa pamoja katika kambi, na kila mmoja alirudi kwao na nyimbo. Songea yenyewe ilikuwa katika njia ya vita hiyo. Majeshi ya Waingereza yaliyotoka upande wa Nyasa yaliingia huko mwaka 1916. Baada ya vita, katika vijiji vilivyo kandokando ya Ziwa Nyasa, upande wetu na upande wa nchi iitwayo leo Malawi, ngoma ya namna ya beni ikachipua kwa umbo jipya. Hiyo ndiyo mganda. Kutoka Ziwani ilipanda milima ya Umatengo ikafika mpaka Ungoni.

Tarumbeta za shaba ni ghali, na kijijini hazikupatikana. Basi watu walitwaa kibuyu, wakakitoboa, wakafunika tundu moja kwa utando mwembamba wa buibui. Mtu akiimba ndani yake, utando hutetemeka, na sauti yake hutoka kali kama ya tarumbeta. Hiyo ndiyo lipenga, na zikiwa nyingi ni malipenga. Mafundi hutengeneza vibuyu vikubwa kwa sauti nzito na vidogo kwa sauti nyembamba, na hivyo kundi moja la vijana hupata sauti zote za bendi ya askari pasipo kununua kitu. Ngoma kubwa hushika mwendo. Wachezaji husimama safu kwa safu, wamevaa nguo safi zilizo sawa, kiongozi hutoa amri kwa filimbi, na mwendo wao ni wa polepole, wa miguu na magoti na viuno, wenye adabu nyingi. Kijiji hualika kijiji, na kila upande hutaka kuonyesha kwamba safu zake hazipindi.

Mtu apitaye kwa haraka husema, "Hawa wanaiga askari." Lakini atege sikio. Wimbo wa malipenga una njia yake, ngoma kubwa ina njia yake, na miguu ya wachezaji ina njia yake ya tatu. Hapo pana mpishano ule wa tatu na mbili tuliojaribu mezani. Nguo ni za kambini, lakini hesabu ni ya nyumbani. Mwanachuoni mmoja Mwingereza, Padre A. M. Jones, aliyekaa miaka mingi katika nchi iitwayo leo Zambia, alilitambua jambo hilo mapema, akaandika makala juu ya mganda mwaka 1945. Mwaka 1959 alitoa kitabu kikubwa juu ya muziki wa Afrika, na katika kazi yake alitumia mashine iliyochora mapigo ya wapigaji juu ya karatasi, ili aone kwa macho yale ambayo masikio ya Kizungu yalishindwa kuyatenganisha.

Tukiziweka ngoma hizo mbili pamoja twaona zimefanana katika jambo moja. Stravinsky alitwaa wimbo wa kijijini, akauvika nguo za ala mia za mjini, ukawa kitu ambacho hakikuwako kabla. Vijana wa Ziwani walitwaa safu za askari na sauti za tarumbeta, wakaziweka juu ya mapigo ya kijijini, nazo zikawa kitu ambacho hakikuwako kabla. Kila upande ulikopa, na kila upande uliupanga upya mkopo wake kwa hesabu yake. Stravinsky aliitwa mvurugaji, na wacheza beni waliitwa waigaji. Wote wawili walikuwa wakihesabu.

Lakini mbele ya hapo njia zao zaachana, na hapa ndipo penye jambo la kututia wasiwasi sisi wa leo. Husemwa kwamba ngoma ivumayo sana haidumu. Ngoma ya Nijinsky ilichezwa mara chache tu, Paris na kisha London, katika mwaka ule ule wa 1913. Muziki haukupotea, maana uliandikwa. Tarehe 5 Aprili, 1914, ulipigwa Paris peke yake, bila wachezaji, na safari hiyo watu walimbeba Stravinsky mabegani wakimshangilia. Kabla hajafa mwaka 1971 aliona muziki wake ukipigwa na kusifiwa katika nchi nyingi. Lakini hatua za wachezaji hazikuandikwa kikamilifu, wala hazikuendelea kuchezwa. Zilikaa katika miili ya watu wachache, na watu hao wakazeeka, wakasahau, wakafa. Ilipofika mwaka 1987 wataalamu wawili, Millicent Hodson na Kenneth Archer, walijaribu kuziunganisha tena kwa kutafuta michoro ya zamani, nguo zilizosalia, na kumbukumbu za wazee. Kazi hiyo iliwachukua miaka mingi, na hata hivyo hakuna awezaye kuapa kwamba kila hatua ni ile ile ya mwaka 1913.

Basi ikiwa ngoma iliyochezwa katika mji mkubwa, mbele ya waandishi wa magazeti na wachoraji, iliweza kupotea kwa muda usiozidi maisha ya mtu mmoja, itakuwaje kwa ngoma zetu? Mapigo ya lizombe na ya mganda hayako katika kitabu cha nota cha wapigaji. Hatua zake na mapigo yake vyote vimo katika miili ya wachezaji. Mzee mmoja hodari akifa pasipo mwanafunzi, hesabu yake yafa pamoja naye, na watakaokuja baadaye, wakisikia mabaki yake, watasema ni kelele, kwa kuwa hawatakuwa na mtu wa kuwahesabia.

Dawa yake si ngumu, na kijana wa shule ya Ruhuwiko aweza kuianza kwa kalamu na karatasi yenye miraba, ile itumikayo katika somo la hesabu. Amwendee mpiga ngoma kwa heshima, amwombe apige njia ya ngoma yake peke yake, bila wenziwe, polepole, mara nyingi. Ahesabu mapigo mpaka yanaporudi mwanzo, kisha achore miraba kwa idadi hiyo, na kila penye pigo atie alama nyeusi, na penye pigo la nguvu atie alama kubwa. Kisha amwombe mpigaji wa pili, achore safu yake chini ya ile ya kwanza, na wa tatu vile vile. Akimaliza ataona jinsi safu zinavyopishana na mahali zinapokutana. Chini ya karatasi aandike jina la ngoma, siku, na mahali. Halafu aiweke kalamu, asimame mstarini pamoja na wachezaji, ajifunze kwa miguu yale aliyoyaandika kwa mkono; maana karatasi yaweza kuhifadhi pigo, lakini goti hufundishwa na goti.